Mndimu wa Grimsby

Jumanne, 5 Machi 1996

Tarehe tano. Sheikh Khubaib amekuja na kitabu chake cha risiti. Amekaa kwenye baraza yangu, amekunywa kahawa yangu, kisha akanitoza kodi ya ardhi iliyo chini ya baraza hiyohiyo. Kila mwezi! Nyumba ni yangu. Kuta nimerithi kwa marehemu baba, mabati nimenunua mwenyewe, mlango nimeupaka rangi mara tatu. Lakini udongo ni wa Sheikh Khubaib, kama ulivyokuwa wa babake. Ndivyo tulivyo wengi hapa Kibokoni, nyumba yako, ardhi ya mwenzio.

Aliandika risiti polepole, penseli akiilamba kila baada ya neno. Halafu akautazama mndimu wangu uani, kupitia mlango ulio wazi. Akauliza kama bado umo kwenye debe. Nikamwambia umo. Akasema vyema.

Mndimu huo aliuotesha baba mwaka nilioanza chuo cha Kurani, nina miaka sita. Alitaka kuupanda uani. Babake Khubaib akakataa, akasema mti una mizizi na mizizi ni madai. Basi miaka thelathini na minne mti unaishi kwenye debe la mafuta. Debe likioza tunabadilisha. Unatoa ndimu saba kwa mwaka, ngumu kama gololi. Baba alikuwa akiumwagilia maji kila alasiri huku akiuomba radhi, na amekufa hajaupanda. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Naandika hapa na Mungu ni shahidi. Kabla ya mwaka huu kwisha nitakuwa na ardhi ambayo Khubaib hana mkono nayo, na mti wa baba utaingia udongoni.

Alhamisi, 7 Machi

Jawabu limepatikana! Limepatikana kwenye bajia.

Leo kazini Kilindini (mimi ni karani katika afisi ya kutoa mizigo bandarini, karani mkuu, ukimtoa yule aliye juu yangu) nilinunua bajia za shilingi kumi. Zimefungwa kwenye gazeti. Nikazila, nikasoma gazeti. Tangazo: Miliki nyumba Uingereza kupitia kampuni yako mwenyewe, mkopo wa nyumba unapatikana. Mafuta yamekula nambari ya simu lakini anwani imesalia.

Saa ya chakula nilikuwa kwa Bi Caroline Nasipwondi, wakala, ghorofani barabara ya Moi, juu ya duka la vitambaa. Ana feni na zulia. Kaeleza vizuri mno. Nafungua kampuni hapa. Kampuni inanunua nyumba kule. Wakopeshaji wa kule wanatoa robo tatu ya bei, mimi natoa robo. Mpangaji Mzungu analipa kodi, kodi inalipa mkopo, mimi nakaa tu. Kasema tangu serikali iruhusu watu kupeleka pesa nje bila bughudha, wenye akili wamekwisha kwenda mbele.

Alinionyesha picha za London. Nikaona bei, nikafunua ukurasa mwingine haraka. Grimsby! Mji wa bandari, mji wa samaki. Kwa mtu wa Kilindini hapo si ugenini. Fleti ya chini, chumba kimoja, na nyuma yake bustani. Bustani! Nikauliza kama hizo ni nyasi kweli au ni rangi ya picha. Kasema ni nyasi.

Sikuwa na swali jingine.

Ijumaa, 8 Machi

Kikwazo. Mkopo una riba.

Baada ya sala nilimsubiri Maalimu wetu mlangoni mwa msikiti. Nikamwambia ninaye rafiki anayetaka kukopa kwa riba, je, hakuna njia? Akasema anayekula riba, anayeilisha, anayeiandika na mashahidi wake wawili, wote wamo dhambini. Nikauliza, na aliyesimama karibu tu? Akasema nimsalimie sana huyo rafiki yangu Jamaldin. Jamaldin ni mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Usiku kucha sikulala, na nimeshukuru, maana nimepata!

Bi Caroline alisema kwa sheria kampuni ni mtu. Ina jina lake, ina anwani yake, hata kortini yaweza kupelekwa. Vizuri. Mtu huyo hajatoa shahada. Haswali, hafungi, hajui kibla kiko wapi. Basi akikopa kwa riba, riba ni yake na Mola wake.

Lakini kampuni ikiwa yangu, harufu itanifikia. Kwa hiyo isiwe yangu. Iwe ya Kahindi! Kahindi ni mwenzangu wa meza ya pili, Mgiriama wa Kaloleni, mwimba kwaya kanisani. Hisa hamsini na moja zake, arubaini na tisa zangu. Yeye mwenyekiti. Abebe riba, nami nibebe nyumba.

Nikamweleza kuwa ni heshima. Akauliza kama kuna kitu atatoa mfukoni. Hakuna. Akauliza kazi ya mwenyekiti ni nini. Kutia sahihi tu. Akafikiri, akachokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, akauliza kama kwenye mikutano kutakuwa na chai. Nikasema itakuwepo. Nilisema haraka, bila kupima.

Jumapili, 10 Machi

Robo ya bei. Akiba yangu imetosha nusu ya robo. Nimemwendea Mwanaesha.

Mke wangu ana bangili nne za dhahabu alizovishwa na mamake siku ya harusi. Nilianza mbali, kwa kuusifu mchuzi. Akaniambia niseme ninachotaka maana mchuzi ni wa jana. Nikasema. Nikamwonyesha picha ya bustani, nikaweka kidole pale mndimu utakapokaa.

Akaenda akautazama mti uani. Aliporudi akavua bangili tatu. Ya nne ati haitoki, mkono umenenepa. Nikapendekeza sabuni. Sabuni kaikataa.

Akaniomba kitu kimoja tu, nisifanye jambo lolote la nyumba hiyo bila kumshauri. Nikaapa, na nilipoapa nilikuwa nimedhamiria kabisa.

Jumatano, 3 Aprili

Kampuni imezaliwa! Kibokoni Overseas Holdings Limited. Ina cheti na mhuri wa chuma unaong'ata karatasi. Nimeujaribu kwenye magazeti, kwenye kalenda na kwenye chapati moja. Unafanya kazi.

Kahindi amebadilika. Leo nimemwomba anipelekee fomu kaunta ya forodha, kazi anayoifanya miaka sita. Akaniuliza iwapo nimewahi kuona mwenyekiti akibeba fomu. Nimezipeleka mwenyewe, jua la saa saba.

Jumatatu, 22 Aprili

Siku ya sahihi, kwa Bi Caroline. Kahindi kavaa koti la kwaya. Mimi niligeuka nikautazama ukuta, nisiwe shahidi. Ukutani kuna kalenda ya kiwanda cha chumvi, naijua yote. Kahindi akatia sahihi. Bi Caroline akatia yake, maana afisi yake ndiyo katibu wa kampuni. Kisha akasema mhuri, nao ulikuwa kwenye mfuko wangu na Kahindi hajui kuubana.

Nikaubonyeza mimi, macho nimefumba. Ieleweke: sikuandika. Nilibonyeza.

Maalimu nimekutana naye njiani nikirudi. Nikavuka upande wa pili.

Jumatano, 12 Juni

Nina nyumba Uingereza!

Faksi imekuja saa nne. Saa kumi na moja nilikuwa barazani, shati jipya, faksi mkononi, naisoma kwa sauti kana kwamba najisomea. Sheikh Khubaib alikuja akakaa. Nikamwambia mimi sasa ni mtu wa Grimsby. Akanipa hongera. Akasema bintiye Lamis, aliyeolewa Leicester, huwaambia kuwa huko kaskazini kuna baridi. Nikamwambia baridi ni ya wapangaji, mwenye nyumba yuko Mombasa.

Akanywa kahawa. Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, na ardhi je? Nikacheka. Nikamwambia Sheikh, ile ni Uingereza, si Kibokoni. Huko mtu akinunua amenunua.

Alhamisi, 13 Juni

Si kweli.

Bi Caroline kanisomea mkataba mara mbili. Fleti nimenunua kwa miaka tisini na tisa, na ishirini na minane imeshapita kabla sijafika. Ardhi ni ya bibi mmoja mzee wa Kizungu, anaishi mji mwingine na paka wake. Kila mwaka kampuni itamlipa kodi ya ardhi. Nyumba yangu, ardhi ya mwenzangu! Nimekwenda nusu ya dunia kununua kile nilichonacho.

Nikauliza kuhusu mti. Ukurasa wa kumi na mmoja: hairuhusiwi kupanda mti bila idhini ya mwenye ardhi.

Bi Caroline kasema alidhani najua, mbona watu wa Mombasa ndio wanaolifahamu jambo hilo kuliko wote. Nilishuka ngazi, nikakaa mbele ya duka la vitambaa mpaka mwenye duka akaniuliza kama nanunua. Wallahi nilitaka kulia.

Baadaye: nimefikiri tena. Bibi mzee si Khubaib. Hanijui, hanywi kahawa yangu, halambi penseli mbele yangu. Heri nusu ya shari kuliko shari kamili. Mwanaesha nimemwambia mambo ni mazuri. Nimemwambia kwa ujumla.

Ijumaa, 5 Julai

Mpangaji amepatikana, kijana wa kiwanda cha samaki. Kodi yake inalipa mkopo, inabaki kitu cha kununulia sigara, nami sivuti.

Mkutano wa tatu wa kampuni. Mwenyekiti ameitisha mwenyewe, hotelini karibu na soko la Marikiti. Ajenda: kusoma kumbukumbu za mkutano wa pili. Mkutano wa pili tulisoma za mkutano wa kwanza. Kala mahamri manane na mbaazi, gharama kwa kampuni, na kampuni kwa mambo ya kulipa ni mimi. Akapendekeza tukutane kila Ijumaa ya kwanza. Nikapinga. Tukapiga kura, hamsini na moja kwa arubaini na tisa.

Ijumaa, 9 Agosti

Barua imetoka Grimsby, kwa mawakili wa bibi mzee! Ina mhuri mwekundu. Nimeisoma chooni kazini, Kahindi asiione.

Bibi anauza ardhi. Sheria ya kwao inasema kabla hajawauzia watu wa nje awape kwanza wenye fleti, ambao tuko wanne. Wakiitaka waseme ndani ya miezi miwili. Bei imetajwa. Si kubwa. Nimeshangaa udogo wake.

Nimefikiri kwa makini. Kwanza, kwa nini mtu auze ardhi kwa bei ndogo hivyo? Kuna jambo. Mimi si mtoto. Pili, barua inasema uamuzi ufanywe na kampuni. Kampuni ikiamua lazima mkutano. Mkutano ni mahamri. Tatu, pesa zenyewe itabidi nirudi kwa Mwanaesha, nianze kumweleza ukurasa wa kumi na mmoja. Hapana. Wazungu wakiona sijibu wataogopa, watashusha bei. Hivyo ndivyo tununuavyo Marikiti: unaondoka, unaitwa.

Lakini barua yenyewe ni nzuri mno kukaa mfukoni. Jioni nimempa Sheikh Khubaib aisome barazani. Nikamwambia aone, Waingereza wananibembeleza ninunue ardhi yao. Akavaa miwani. Akaisoma yote, akageuza nyuma, akasoma tena. Akauliza kama nitainunua. Nikasema siku hizi sinunui kila ninachouziwa. Akaniomba penseli, akaandika kitu kwenye pakiti ya biskuti, akaitia mfukoni.

Roho imemuuma, nimeona.

Jumamosi, 5 Oktoba

Khubaib na risiti. Kaniuliza ile barua niliijibu? Zimebaki siku tatu. Mzee mzima, anahesabu siku za wenzake! Nikamwambia wanaume hawaharakishi mambo makubwa. Akasema kweli. Akaniuliza mara ya pili, na safari hii akanishika mkono. Nikamwambia, Sheikh, usijisumbue. Akasema basi amenisikia, na mtu asije akasema hakuulizwa.

Sijui alimaanisha nini. Uzee.

Alhamisi, 5 Desemba

Nashindwa kuandika. Naandika.

Sheikh Khubaib amekuja na vitabu viwili vya risiti. Cha bluu cha siku zote na cha kijani, kipya, bado kinanuka gundi. Akaandika cha bluu. Nikalipa. Akafungua cha kijani, akalamba penseli, akaandika: Kibokoni Overseas Holdings Limited, kodi ya ardhi, Grimsby.

Nilidhani ni mzaha. Akatoa karatasi. Wenye fleti wote wanne hawakujibu, bibi akawa huru kumuuzia amtakaye, na mume wa Lamis akamnunulia mkwewe. Akasema aliona ni afadhali ardhi iwe kwa jirani kuliko kwa mtu asiyemjua. Akasema hatanisumbua kulipa kwa posta, nitamlipa hapahapa. Akamaliza kahawa yake.

Nikamuuliza kuhusu mti. Nilimuuliza kwa sauti ndogo. Akautazama mndimu kwenye debe, kisha akanitazama mimi, na nafikiri kwa dakika moja alitaka kusema ndiyo. Kisha akasema babake alikuwa na msimamo kuhusu miti, naye hapendi kuuvunja.

Mwanaesha alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Akauliza bei ya ardhi ilikuwa ngapi. Nikamtajia. Akaivua ile bangili ya nne. Ilitoka mara moja, bila sabuni. Akaiweka mezani mbele yangu. Nikaiona. Ile moja tu ingetosha na chenji ingebaki.

"Ungalin'uliza," akasema. Akaivaa tena, akaenda kulala. Nimekaa uani hadi mbu wamenichoka. Nimeumwagilia mti maji mara mbili.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwambia Mwenyekiti. Ilibidi, leo ni mkutano. Kwa mara ya kwanza hakula. Akaniuliza kwa nini nilimficha barua. Nikasema kwa sababu ya mahamri. Akasema angekuja na yake kutoka nyumbani.

Halafu Kahindi akaniambia jambo. Kwao Kaloleni kuna shamba la babake, minazi na nafasi tele. Nikachukue mndimu wangu nikaupande huko. Bure. Kasema kwao mti huweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, wala hakuna anayegombana, na mti wa marehemu babangu watauheshimu. Jumapili hii anaweza kuazima pikapu ya kanisa.

Nilimshukuru. Kahindi ana moyo mzuri, sikatai. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Kaloleni! Huo ni uwekezaji gani? Nimemwambia nitalifikiria.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimepita kwa Bi Caroline kumpelekea malalamiko yangu. Nimekaa saa mbili. Nimerudi na kijitabu.

Kanada! Ardhi tupu. Hakuna fleti, hakuna bibi, hakuna paka. Udongo mtupu, ekari mbili, na hati yako mwenyewe. Wakopeshaji wapo, ila itahitajika kampuni mpya. Bi Caroline kasema miezi saba ya mwaka ardhi iko chini ya theluji. Nikamwambia hata mndimu nao umezoea taabu.

Nimekwishaerevuka. Makosa ya Grimsby siyarudii. Nimemuuliza Bi Caroline swali moja la maana, nimelikazia: je, Sheikh Khubaib ana jamaa Kanada? Kasema hajui. Alhamdulillahi.

Mwanaesha sijamwambia. Kwanza mambo yakae sawa. Kahindi ameleta salamu, pikapu ipo kesho saa mbili, nimemwambia kesho nina shughuli.

Kesho jioni nitakaa barazani na kijitabu hiki, nimpe Sheikh Khubaib akisome. Aone tu. Roho imuume.